Jinsi ya kutoa leseni ya wimbo wako kwa tangazo au filamu (mimi nilikwama kwenye kiitikio)

Jumatano moja napigiwa simu na kampuni ya matangazo hapa Dar, wanataka sekunde 30 za wimbo wangu kwa tangazo la unga. Dada wa kwenye simu akauliza nani anamiliki, nikajibu mimi, kwa kifua kabisa. Akasema basi tuma karatasi zenye saini za wote waliohusika, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Hapo ndio nikajua kumiliki kwa mdomo na kumiliki kwa karatasi ni vitu viwili.

Wenyewe wanaita sinki, sio lile la kuoshea vyombo, ni leseni ya kuweka muziki kwenye picha. Na unauza vitu viwili kwa mpigo. Sheria yetu ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, wengi tunaishia kwenye neno la kwanza. Hakimiliki ni ya utunzi, yaani mashairi na melodi. Hakishiriki ni ya walioimba, waliopiga vyombo na mwenye rekodi, ile masta. Mwenye filamu anataka ruhusa ya pande zote mbili. Msanii huru unapendwa kwa sababu hiyo, hakuna lebo ya kubembeleza, anamalizana na wewe siku moja, ila uwe umejipanga.

Usajili wa COSOTA, ile Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, sitakaa nao sana, jaza, chukua kontroo namba, lipa, tunza cheti. Hakimiliki unayo tangu uliporekodi, cheti ni ushahidi siku mtu akikubishia.

Sasa hatua iliyonila ni karatasi ya mgawanyo. Ukurasa mmoja tu. Andika jina la wimbo, majina ya watu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA (sio "Mtoto wa Mbagala"), namba za simu, asilimia za utunzi zifike 100, asilimia za masta nazo zifike 100 kivyake, halafu saini na tarehe. Na chini weka sentensi hii, kutokuwa nayo ndiko kulikonikosesha hela: "Sisi tuliotajwa hapa tunamruhusu fulani kutoa leseni ya wimbo huu kwa filamu, televisheni na matangazo kwa niaba yetu, na kugawa malipo kwa asilimia hizi." Bila hiyo unamtafuta kila mtu upya kwa kila dili.

Mimi nilianza kuwatafuta Jumatano jioni. Prodyuza nilimpata, akataka nusu, tukabishana mpaka saa sita usiku tukakubaliana thelathini. Alhamisi steshenari ya mtaani kuskani, mbele yangu kuna mwanafunzi na ripoti yake ya fildi kurasa tisini, ilipofika zamu yangu umeme ukakata. Lakini kumbe shida kubwa ni dada aliyeimba kiitikio. Siku hizi yuko Muscat anafanya kazi za ndani na simu anaishika Ijumaa jioni tu, siku yake ya mapumziko. Mimi mwisho wangu ni Ijumaa asubuhi. Niliacha voisi noti saba.

Kwahiyo karatasi isainiwe studio, siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajaitiwa bodaboda. Ukiona aibu kuuliza asilimia wakati wimbo hauna thamani, subiri uwe na thamani uone aibu yenyewe.

Biti kama umenunua mtandaoni soma leseni yake mpaka mwisho. Nyingi za bei rahisi zinakuruhusu kuweka wimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza, matangazo na televisheni hazimo, na biti hiyohiyo wameuziwa watu wengine. Na kama kuna kipande umekikata kwenye wimbo wa mtu bila ruhusa, huo usiutume kabisa.

Faili: WAV, 48 kHz, 24-bit, pamoja na mdundo mtupu usio na sauti na toleo lisilo na matusi. MP3 iliyopita WhatsApp mara tatu usimtumie mtu, mhariri wa picha ataisikia na utakuwa umejitangaza vibaya.

Kwenye mkataba nenda moja kwa moja kutafuta manne, unatumika wapi (TV tu au na mtandaoni), nchi gani, muda gani, na kama wanakuzuia kuwapa wengine. Bei usitaje kabla hujajua hayo. Ukikuta "milele" na "duniani kote" kwa hela ya kodi ya chumba cha Tandika, rudisha na ombi la mwaka mmoja, Tanzania tu, mara nyingi wanakubali maana waliandika vile kujaribu bahati. Wakikata kodi ya zuio dai hati yake. Wakiwa Marekani watakutumia fomu ya kodi ya kwao, W-8BEN, jaza, na usishangae 30% ikibaki kwao, hatuna mkataba wa kodi nao.

Kitu kingine, msambazaji wako wa mtandaoni akiwa amewasha Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua wimbo wako kwenye video za wengine), video ya mteja ikipanda YouTube inadaiwa na wimbo wako mwenyewe. Ilinikuta na wimbo mwingine kwenye filamu fupi, mwenye filamu alinipigia akiwa hatoi hata salamu. Mwombe msambazaji mapema chaneli ya mteja iruhusiwe.

Tangazo la unga lilienda kwa wimbo wa mtu mwingine, naliona kila siku kabla ya taarifa ya habari. Yule dada alijibu Ijumaa saa mbili usiku, "Kaka nisamehe, nilijua ule wimbo ulishakufa," na picha ya karatasi imesainiwa vizuri kabisa, kila herufi inasomeka.