Twendeni tukaangalie picha za zamani Mji Mkongwe, tena na wazee wetu

Watu wengi wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, tunapita Shangani mle mjini kila siku na milango ya maonesho hatuingii, tunaona yale ya watalii. Si kweli jamani, mle ndani tumo sisi na watu wetu, kwa hio nawaandikia namna ya kwenda mpaka mtu urudi umefaidi.

Anzia Capital Art Studio pale Kenyatta Road. Ilifunguliwa 1930 na mpiga picha Ranchhod Oza, na ukutani zimejaa picha nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani, mitaa, majahazi, watu wa kila namna. Nenda asubuhi hujachoka na jua, Ijumaa mchana usijaribu watu wako msikitini. Ukiingia salimia, uliza kama unaweza kupiga picha kwa simu, usianze tu kupiga, na ukiipenda moja uliza bei ya kopi.

Lakini kubwa kuliko yote nenda na mtu mzima, bibi, babu, shangazi, mana peke yako utaona majengo basi. Mie nilikwenda na mama mkubwa, akasimama mbele ya picha ambayo kwangu ilikuwa uchochoro mtupu, kumbe yeye anaona baraza ya nani ile, mlango upi walikuwa wakiuza kashata, na wapi walikuwa wakicheza nage mpaka magharibi waitwe ndani kwa ukali. Usimuulize "unakumbuka nini", atakwambia hakumbuki kitu. Muulize hapa nani alikuwa akiuza, sikukuu mlikuwa mkishonewa nguo gani, mkienda Mnazi Mmoja mkipewa shilingi ngapi, hapo utachoka wewe kusikiliza. Muombe ruhusa umrikodi kwa simu, sauti yake ina thamani kuliko picha yenyewe.

Ukitoka hapo teremka Ngome Kongwe, wachoraji wapo na maduka yao. Utakuta picha za tingatinga nyingi, mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam 1968, nzuri mashallah, ila simba na twiga sisi wa visiwani hatukukua nao. Mie natafuta zenye ngalawa, milango, watoto wanarusha tiara. Kama huoni, zungumza na mchoraji, mpelekee picha ya nyumba yenu ya zamani akuchoree, muelewane bei kabla hajashika brashi.

Walioko Pemba wana makumbusho yao Chake Chake ndani ya ngome ya zamani ya huko, wapelekeni watoto wa skuli wakaone historia ya kisiwa chao. Kwenye makumbusho ya serikali chukua kitambulisho cha Mzanzibari, kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni.

Na usiseme nitakwenda mwakani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, jengo la 1883, lilikuwa makumbusho yetu, ndani mkiwa na ule mtepe, chombo cha baharini cha mbao za kushonwa kwa kamba, watoto tukiuzunguka kutafuta msumari tusiuone, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka na watu wakafariki, Mungu awarehemu. Bado inaniuma.

Mkirudi nyumbani siku hio hio, wakati maneno bado ya moto, toeni ile mikebe na bahasha za picha chini ya kitanda, tandikeni mkeka, mzee ataje majina na mtoto aandike nyuma ya kila picha kwa penseli, sio kalamu ya wino mana wino unapenya mpaka mbele. Za kwenye albamu za gundi msizibandue kwa nguvu zitachanika, zipigeni hivo hivo kwa simu mchana dirishani bila flashi, halafu mtumiane kwenye grupu la familia na majina yake, walioko Muscat na Uingereza nao watataja wale ambao mzee kawasahau.