Unahamia Dar kikazi? Panda daladala kabla ya kulipa kodi

Dalali hupenda kukuonyesha chumba Jumamosi mchana, barabara nyeupe, anakwambia "Posta hapo tu", yaani katikati ya mji. Usitoe hata senti. Rudi Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umesimama kituo cha karibu na nyumba hiyo, upande gari hadi mlangoni pa ofisi. Hesabu dakika tangu unafunga geti, si tangu gari linaondoka. Mimi kule Mbagala nusu saa nzima iliishia kugombania mlango tu. Jioni rudi vilevile, maana foleni ya kutoka mjini ina tabia yake. Nauli ya siku moja ni kitu kidogo ukilinganisha na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo wenye nyumba wengi wakishaipokea hawarudishi.

Jaribio hili hudanganya shule zikifungwa, Juni na Desemba, barabara zinapopumua. Kiangazi nako hakikuonyeshi masika: bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro inayopita hapo hufungwa, na wa Kimara anayeitegemea kufika mjini anachelewa kazini hata akiamka na jogoo. Hilo waulize mama ntilie wa kituoni, si dalali.