Usiuze programu yako kama nyanya za jioni

Nianze na kosa langu. Programu ya kwanza kuuza ilikuwa ya duka la dawa hapa Kampala, inahesabu stoki na kutoa risiti, nikataja shilingi 300,000 na mama mwenye duka akaitikia palepale bila hata kuomba nipunguze, hapo tu ningejua nimejipiga mwenyewe. Miezi nane baadaye bado ananipigia saa tatu usiku, mwanangu printa haitoi karatasi, na mimi napanda boda kwa pesa yangu naenda kukuta waya umechomoka.

Sasa wewe anza na mwezi wako. Jumlisha nyumba, chakula, Yaka (umeme wa kulipia kabla), bando, na kitu cha kubadilisha laptopu, halafu gawanya kwa siku unazokaa kwenye kazi kweli, sio 30. Mimi zangu ni kama 12, zingine zinaliwa na "njoo kesho". Tuseme mwezi unakula 1,800,000, hapo siku moja ni 150,000, kwa hiyo kazi ya siku kumi ni 1,500,000, ukishuka chini ya hapo wewe ndo unamlipa mteja.

Lakini hiyo ni bei ya kutokufa njaa tu. Bei yenyewe iko dukani kwa mteja, kwenye hasara ambayo programu itampunguzia. Kaa kaunta hata nusu siku, uliza dawa zilizopitwa na tarehe wanatupa za shilingi ngapi, mwenye duka anajua na daftari atakutolea. Kama ni laki mbili kila mwezi, kwa mwaka ni 2,400,000, ukimwambia leseni, yaani ruhusa ya kutumia programu, ni 800,000 kwa mwaka hawezi kuona ni wizi, ataomba alipe kwa awamu mbili, mkubalie.

Na kama programu ileile utaiuza kwa wengi usimbebeshe wa kwanza gharama zote, gawanya kwa maduka unayoweza kuyafikia kweli (mimi naandika kumi hata kama moyo unasema mia). Ila bei iwe moja kwa maduka ya ukubwa mmoja, Kikuubo, pale sokoni Kampala, watu wanaongea jamani, wa 800,000 na wa 500,000 watakutana kabla ya chakula cha mchana. Anayetaka apunguziwe bei mpunguzie na kitu kwenye programu, ondoa sehemu ya matawi au ya ripoti.

Huduma ya baadaye itenge kabisa. Kosa lililo kwenye programu unarekebisha bure, hilo halina mjadala, lakini waya, kufundisha mfanyakazi mpya, ripoti mpya, analipa. Andikeni kabla ya kupokea nusu ya kwanza ya malipo, muandike pia programu inabaki ya nani, sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda na programu za kompyuta. Akitaka iwe yake peke yake bei inapanda sana, maana duka la jirani huwezi tena kuliuzia.

Ukiweka apu Google Play, kujisajili ni dola 25 mara moja, halafu wanakata 15% kwenye dola milioni ya kwanza ya mwaka, na hiyo milioni tusiiote. Pesa ya simu nayo kuna ada ya kutoa na kodi ya 0.5% ya pesa unayotoa, sema mapema "tuma na ya kutolea".

Yule mama nilimpelekea karatasi mpya, huduma 50,000 kwa mwezi. Alininunia wiki nzima, kisha akatuma na ya kutolea. Printa tangu hapo haijasumbua usiku hata mara moja.