Kabla Hujasaini Fomu ya Fidia ya Ukanda wa Barabara

Barabara ikipanuliwa au reli ikipita, serikali si lazima ichukue kiwanja chote. Pengine inataka haki ya mapito tu: hati inabaki na jina lako, ila ukanda fulani huruhusiwi tena kuujengea. Kwa hiyo anza kwa kuuliza kinachochukuliwa ni nini hasa, umiliki au matumizi, na kama ni matumizi, ni ya kudumu au ya kipindi cha ujenzi. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mwenye ardhi mmoja wa Wyoming kwa hoja hiyo hiyo: kampuni ya reli ilikuwa na haki ya mapito tu chini ya sheria ya 1875, na reli ilipoachwa, haki hiyo ilikoma. Serikali haikuwa na cha kudai.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, huwa juu ya kile kinachobaki. Ni rahisi kuzidisha mita za mraba kwa bei na kufunga faili. Wewe zunguka eneo lako na ujiulize: lango likisogezwa, lori litaingiaje? Tuta la barabara likiinuliwa, maji ya mvua yataelekea wapi? Je, kipande kitakachosalia kitatosha kujengwa, ukishatoa umbali unaotakiwa kutoka barabarani? Mwombe mthamini wako akadirie thamani ya mali nzima kabla ya mradi, kisha ya kilichobaki baada yake; pengo kati ya hizo mbili ndiyo hoja yako. Ujue pia kwamba sheria za baadhi ya nchi huruhusu kukata kwenye fidia yako thamani ya faida ambayo barabara mpya imekuletea. Inauma, lakini jiandae kuijibu.

Picha zipigwe kabla vigingi havijachomekwa: uzio, mifereji, kisima, miti (ihesabu), nyufa zilizokuwepo tayari kwenye ukuta. Greda likishapita, huna tena cha kumwonyesha hakimu. Weka pamoja risiti, mikataba ya wapangaji na hesabu za biashara.

Matumizi ya muda yanahitaji tarehe ya mwisho, kodi ya kipindi chote, na jina la atakayerudisha ardhi ilivyokuwa. Mkandarasi akichelewa, je, kodi inaendelea? Iandikwe.

Kama mali imewekwa rehani, mjulishe mkopeshaji mapema, maana huenda naye akadai sehemu ya malipo.

Na saini. Fomu ya kukiri kwamba umehesabiwa mali si sawa na ya kukubali kiasi. Wakati mwingine zote mbili huletwa siku moja, juu ya boneti ya gari, watu wakiwa na haraka. Omba nakala, nenda nayo kwa wakili. Muulize mambo mawili: mwisho wa kuwasilisha pingamizi ni lini, na kama unaweza kupokea fedha huku ukiendelea kupinga kiwango. Ikiwezekana, andika kwenye fomu yenyewe, juu ya saini yako, kwamba unapokea bila kukubali kiasi hicho.