Jamu ya zambarau inayoganda bila pektini ya dukani

Msimu wa zambarau ukifika huku Muheza, chini ya kila mti kunatapakaa matunda yanayokanyagwa na kuoza, na nyumba zilezile zinanunua dukani jamu iliyotoka mbali. Inaniuma kila mwaka. Wengi wamejaribu kupika jamu ya zambarau wakaacha, na sababu yao ni moja: haigandi. Mtu anaongeza sukari, inabaki sharubati. Anazidisha moto, inashika chini.

Tatizo si sukari wala moto. Jamu huganda pale vitu vitatu vinapokutana: sukari, uchachu na pektini, yaani kile kitu cha asili ndani ya tunda kinachofanya maji yake yashikamane. Zambarau hizi nyeusi tulizozizoea zina pektini kidogo. Pera bichi linayo tele, na mipera imejiotea yenyewe malishoni na kando ya njia. Basi tunapika matunda haya mawili pamoja.

Utakachohitaji

Zambarau kilo 2, mapera nusu kilo, sukari kilo moja na nusu (huenda ikabaki), ndimu nne au tano, chumvi, na chupa za kioo zenye vifuniko vya bati visivyo na kutu. Sufuria iwe pana na ya stili. Alumini huliwa na uchachu wa matunda, na jamu hubeba ladha yake.

Hatua ya 1: Kuchuma

Tandika turubai au kanga kuukuu chini ya mti, kisha tikisa matawi kwa upondo. Usipande, maana tawi la mzambarau hukatika ghafla hata likionekana nene. Chukua zilizoiva nyeusi kabisa, na chache zenye wekundu kwa ajili ya uchachu. Yoyote yenye alama ya meno iache palepale; popo hula kwenye miti hii usiku, na tunda aliloling'ata si la kuingia jikoni. Zambarau haisubiri. Ukichuma asubuhi, pika siku hiyohiyo, kwani ikilala kwenye ndoo huanza kuchacha.

Mapera chagua ya kijani, magumu, na machache yaliyoanza kugeuka njano. Yale matamu yanayonukia nyumba nzima waachie watoto, pektini yake imeshapungua.

Hatua ya 2: Kutoa ukakasi

Watoto wa pwani hula zambarau kwa chumvi, na wana sababu: chumvi hupunguza ule ukakasi unaokausha ulimi. Osha zambarau, ziloweke saa moja kwenye maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha chumvi kwa kila lita, kisha suuza vizuri mara mbili.

Hatua ya 3: Maji ya mapera

Katakata mapera bila kumenya wala kutoa mbegu. Mwagia maji yafunike tu, chemsha kwa moto mdogo kama nusu saa mpaka yalainike kabisa. Mimina kwenye kitambaa safi, ning'iniza, uache yachuruzike yenyewe. Ukikamua, jamu haitakuwa ang'avu. Unataka vikombe 2 vya maji haya. Yakishikwa kati ya vidole utasikia utelezi. Hiyo ndiyo pektini.

Hatua ya 4: Nyama ya zambarau

Weka zambarau sufuriani na kikombe kimoja cha maji, chemsha dakika kumi hadi kumi na tano huku ukiziponda kwa mwiko ili kokwa ziachane na nyama. Sugua kwenye kung'uto au chujio lenye matundu makubwa. Pima vikombe 4. Vaa nguo usiyoionea huruma, doa la zambarau halitoki.

Hatua ya 5: Kupika

Kabla ya lolote, chemsha chupa tupu dakika kumi na uziache kwenye maji ya moto. Weka pia visosi viwili kwenye friji.

Changanya vikombe 4 vya zambarau, vikombe 2 vya maji ya mapera na vijiko 3 vya mezani vya maji ya ndimu. Ikishapata moto, tia sukari vikombe 6. Koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie tena chengachenga chini ya mwiko. Sasa ongeza moto, ichemke kwa nguvu. Usipike zaidi ya kipimo hiki kwa mara moja: jamu nyingi huchelewa kufika, na rangi na harufu hupotea.

Hapa usiondoke jikoni. Mwanzoni mapovu ni madogo, meupe, yanapanda haraka, yaengue. Baada ya robo saa hivi yanakuwa makubwa na mazito, na mlio wa sufuria unabadilika, unakuwa wa chini. Inua mwiko uuinamishe: matone yakidondoka moja moja, bado. Yakiungana mawili na kuning'inia ukingoni kabla ya kuanguka, epua sufuria ujaribu. Tia kijiko cha chai kwenye kisosi cha baridi, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana juu, imeiva. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 105 za Selsiasi akiwa usawa wa bahari. Lushoto, kwenye takribani mita 1,400, ni karibu nyuzi 100.

Hatua ya 6: Kujaza

Jamu ya moto, chupa ya moto. Acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, funga. Kisha zisimamishe chupa kwenye sufuria yenye kitambaa chini, maji yazifunike kabisa, zichemke dakika kumi. Kugeuza chupa kichwa chini hakutoshi. Zikipoa, kifuniko kiwe kimebonyea katikati. Kisichobonyea, chupa hiyo iingie friji na iliwe kwanza. Nyingine weka kabatini, kwani mwanga hugeuza ile rangi nzuri kuwa kahawia.

Ikigoma

Isubiri mpaka kesho yake, maana huendelea kuganda ikipoa. Ikibaki majimaji, irudishe sufuriani na nusu kikombe cha maji ya mapera na kijiko cha ndimu, uichemshe na kuipima upya. Ikiota ukungu, tupa chupa nzima. Usiengue juu ukala chini.

Makapi ya mapera yaliyobaki kitambaani yapitishe kwenye chujio kutoa mbegu, uyapike na sukari nusu ya uzito wake hadi yawe mazito. Hayo ni ya kula na mahamri wiki hiyohiyo, yakikaa kwenye friji.