Jinsi ya kumfanya mwanafunzi kutoka nchi nyingine ajione ni wa shule yenu

Shule nyingi hujua kupokea. Siku ya kwanza mtoto hupigiwa makofi paredi, akatembezwa madarasani, akapewa ratiba. Wiki chache baadaye unamkuta kakaa peke yake wakati wa mapumziko. Makofi yalimfanya mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima bado ni mgeni. Utaratibu huu, ambao ndio ninaoufuata kama mwalimu wa ushauri nasaha, unalenga kinachokuja baada ya mapokezi.

Hatua ya 1: Jifunze jina lake kabla hajafika

Fomu ya usajili inaweza kukupotosha. Uchina, Korea na Hungaria jina la ukoo hutangulia. Ethiopia jina la pili kwa kawaida ni la baba, wala si la ukoo. Iulize familia mambo mawili: angependa aitweje darasani, na jina hilo linatamkwaje? Omba warekodi sauti kwa simu, kisha wasikilizishe walimu wote watakaomfundisha. Usimkatie jina eti ni gumu. Akijichagulia kifupi mwenyewe, sawa.

Hatua ya 2: Usisome alama zake kwa macho ya shule yenu

Ujerumani alama ya 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbaya kabisa; Polandi 6 ndiyo ya juu. Japani mwaka wa shule huanza Aprili, kwa hiyo mtoto aliyehamia Septemba hakuchelewa wala hakurudishwa nyuma, ila kalenda zimepishana. Hata hesabu huandikwa tofauti: nchi nyingi za Ulaya huweka mkato mahali ambapo wengine huweka nukta ya desimali. Kabla ya kuamua aingie darasa gani, mpime kwa maswali yasiyotegemea sana lugha. Kumshusha darasa kwa sababu tu hajui lugha yenu ni kumwonea.

Hatua ya 3: Mpe wenzi wawili, na uwaandae

Nasema wawili kwa sababu mmoja huchoka, huugua, au hujikuta kafungwa kwenye urafiki ambao hakuuchagua. Usikimbilie kiranja au anayeongoza darasa. Tafuta wanaopenda anachopenda yeye, iwe mpira, kuchora au kompyuta. Kaa nao kabla, uwaambie kazi yao ni ipi.

Kazi kubwa ni kumfundisha sheria ambazo hazikuandikwa popote. Je, mwalimu akiingia watu husimama? Ukitaka kwenda msalani unanyoosha mkono au unatoka kimya? Kumtazama mwalimu machoni ni adabu au ni utovu wa adabu? Kengele hii ina maana gani, na ile? Unaketi wapi wakati wa chakula, na viti gani "vina wenyewe"? Mwenyeji hayaoni mambo haya kwa kuwa amekua nayo. Waombe wanafunzi wa darasa lako wayaorodheshe wenyewe. Utashangaa orodha itakavyokuwa ndefu, nao wataanza kuielewa hali ya mwenzao kabla hata hajafika.

Muda wa chakula usiuache ujiendeshe. Darasani kila mtu ana kiti chake. Upweke huanzia kwenye bwalo na uwanjani.

Hatua ya 4: Vumilia ukimya wake, lakini usimwache nje ya somo

Mtafiti Jim Cummins alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa takriban miaka 2, ilhali lugha ya masomo huchukua miaka 5 hadi 7. Anayecheka na wenzake uwanjani huenda bado hakielewi kitabu cha sayansi, na huo si uvivu. Mpe swali siku moja kabla. Mruhusu alijadili na jirani kabla ya kulijibu mbele ya wote, na aandike rasimu kwa lugha yake akitaka.

Njia ninayoiamini zaidi ni ile aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati watoto wa rangi tofauti walipokuwa wameanza tu kusoma pamoja. Somo hugawanywa vipande, kila mwanakikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana. Bila yeye kazi haikamiliki, kwa hiyo hulazimika kumsikiliza.

Hatua ya 5: Mpe jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shuleni jembe ni jukumu la kweli: kutunza vifaa vya maabara, kupanga vitabu maktabani, kuhesabu pointi za timu. Siku ya utamaduni ni nzuri, lakini ikiwa ndiyo pekee anayoonekana, mmemfanya maonyesho. Pia usimgeuze msemaji wa taifa lake, hasa kama nyumbani kwao kuna vita. Wala usimkataze kuzungumza lugha yake na mwenzake anayeijua.

Hatua ya 6: Wazazi

Tafuta mkalimani mtu mzima. Mtoto asitafsiri kikao kinachohusu nidhamu yake au ada yake.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa maswali yanayojibika

"Unaendeleaje?" huleta jibu la "vizuri" hata kwa aliyelia usiku. Muulize: "Jana ulikula na nani?" Kila muhula, waambie wanafunzi wote wakuandikie kwa siri majina matatu ya watu ambao wangependa kufanya nao kazi. Jina lisilotajwa na yeyote, la mgeni au la mwenyeji, libadilishie kundi na wenzi wiki hiyohiyo. Ukisikia lafudhi yake inaigizwa kwa kejeli, shughulika na waigizaji siku ileile. Usimwambie yeye azoee.