Spea za usukani na springi za Land Rover kuukuu: ninavyozitafuta nikiwa Tabora

Land Rover aliyotuachia baba ni 109 ya Series III, ile ndefu (109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka arobaini. Yetu naibebea asali kutoka Sikonge na Ipole kuja Tabora mjini. Lami ipo siku hizi, ila mizinga haitundikwi kando ya lami, na zile njia za miombo zenye visiki ndizo zinazomaliza gari chini.

Usukani ulipoanza kucheza mara ya kwanza, nilipiga simu Dar nikaagiza tairodi endi sita, yaani viungo vya ncha za fito za usukani, bila hata kuinama chini ya gari. Zikaja kwa basi, zote sita za uzi wa kulia. Gari lina tairodi endi sita kweli, lakini tatu ni za uzi wa kulia na tatu za uzi wa kushoto. Kila fito ina uzi wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha ya pili, ndiyo maana ukiizungusha inarefuka au inafupika bila kufunguliwa. Nikampigia muuzaji. "Mama, hukusema," akanijibu. Kweli, sikusema.

Tangu siku ile sinunui kabla ya kujua kilichokufa. Mkalishe mtu kwenye usukani, gari likiwa chini, injini imezimwa, auchezeshe kidogo kushoto na kulia. Wewe lala chini, ushike kila tairodi endi kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Iliyochoka utaisikia ikigonga mkononi kabla fito haijasogea. Kisha piga jeki mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni kingpini, ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia. Jaribio hili dogo limeniokolea pesa nyingi, maana mafundi wengine wakisikia usukani unacheza wanakimbilia kusema stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, imekwisha, na stelingi boksi ndiyo ghali.

Halafu usitupe kilichofunguliwa. Chuma chakavu ndicho karatasi yako ya kununulia. Kisugue kwa mafuta ya taa hadi namba zilizogongwa zionekane, kiweke juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, ukipige picha tatu: kizima, uzi wake, na ile pini iliyochongoka. Picha hizo namtumia kijana wangu anayezunguka maduka ya Gerezani, pamoja na maneno haya: mwaka wa gari, 109 na siyo 88 (ile fupi), uzi wa kulia au wa kushoto, na ngapi. Kwa springi na kingpini huwa siamini picha. Napakia ya zamani kwenye basi iende ikalinganishwe dukani.

Kuhusu ubora, boksi lisikudanganye, kwa sababu boksi linachapishwa popote. Shika tairodi endi mpya, sukuma pini yake kwa kidole gumba. Nzuri ni nzito, inasogea taratibu kama kijiko kwenye asali ya baridi, na inabaki pale ulipoiacha. Inayoning'inia yenyewe irudishe. Bonyeza mpira wake kwa ukucha: ukiacha alama ya kudumu au ukionyesha nyufa nyembamba, umezeeka rafuni. Hapa wengi hunaswa na spea "orijino ya zamani" iliyokaa stoo miaka ishirini. Chuma chake ni kizuri kuliko cha leo, ila mpira umekufa, na vumbi la kwetu litaingia ndani kabla ya masika. Jaribio la mwisho ni la masizi. Paka masizi ya sufuria kwenye pini, iingize kwenye tundu lake, izungushe, itoe. Masizi yakifutika pande zote, imekaa. Yakifutika mstari mmoja tu juu au chini, mchongo wake si wa gari lako, na hata ukikaza nati mpaka uchoke italegea.

Mimi nikipata Lemförder au TRW kwa tairodi endi, na Timken kwa beringi, nalipa bila kubishana sana. Anayeuza jina hilohilo kwa nusu ya bei ya wenzake namuaga kwa heshima.

Vya skrepa vina nafasi yake. Huku kwetu mabaki ya Land Rover yapo, na stelingi boksi ya skrepa inayozunguka laini toka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama katikati, naichukua. Boli la chuma la mguu wa mbele pia, lile tufe ambalo tairi hugeukia, kama kromu yake haijaliwa na kutu, maana kutu ile inachana sili na mafuta yanamwagika. Tairodi endi ya skrepa hapana, hata ya bure.

Springi ndizo zinanichosha. Watu hununua mbili za mbele zinazofanana, kumbe za Land Rover hizi hutofautiana: ya upande wa dereva ina upinde mkubwa zaidi. Ukizichanganya gari linasimama kama mtu mwenye mguu mfupi, na fundi atahangaika na alainimenti (kunyoosha tairi) bure. Hesabu mabapa, pima unene wa kila moja kwa venia (kipimo cha kubana), linganisha na ya zamani. Bushi za machoni mwa springi agiza za mpira. Zile ngumu za rangi rangi zinadumu, sikatai, ila kwa njia zetu zinakutikisa hadi meno. Shokapu nunua jozi, basi.

Wakati wa kufunga mkumbushe fundi mambo mawili. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake, siyo likiwa kwenye jeki, la sivyo mpira unajikunja na kukatika mapema. Na ile rilei ya usukani, kiungo kinachopokea fito kutoka stelingi boksi, iliyosimama ndani ya chesisi mbele isifunguliwe kienyeji. Ndani kuna springi iliyobanwa, ikichomoka inapasua uso. Fundi wangu huivalisha gunia la katani kwanza, ndipo agonge nyundo.

Split pini, zile zinazozuia nati kufunguka, ziwe mpya zote. Tairi za mbele ziingie ndani kidogo, yaani upande wa mbele zikaribiane kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, na hilo mnaweza kulipima hata kwa kamba na rula kama mashine ya alainimenti iko mbali. Mimi baada ya hapo huenda Sikonge na kurudi na mzigo nusu, nikifika nyumbani nalala tena chini ya gari na spana kukaza yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli. Kila mara nakuta zimelegea robo mzunguko.